Ndoa Ivuke Mpaka, Talaka Ibaki Texas

Siku ya kuniaga kazini walinikatia keki na kunipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye hasa mwenye haja ya kujua saa. Kisha Wanjiku wa dirisha la mwisho, Mkenya anayeweza kucheka na kuhudumia foleni kwa pumzi ileile, akanivuta pembeni.

"Mzee Katiba, si utuandikie kitu? Ukienda hivyo tu, nani atatu-explainia hizi mambo za majimbo?"

"Katiba iko kwenye mtandao, bure kabisa."

"Hiyo ya mtandao haina story."

Basi story ni hii. Naiandika kwa ajili yenu mnaobaki nyuma ya kioo katika mahakama yetu ya jimbo hapa Saint Paul, hasa ninyi wenye Kiswahili, maana mtaitwa kila dirisha akitokea mtu mwenye jina lenye irabu nyingi. Vyeo na mishahara nitaruka. Vyeo vilinipita kwa adabu bila kunigusa, na mshahara wangu ulikuwa mtu wa haya, haukupenda kukaa mbele za watu.

Nilianza kazi hiyo mwezi wa Januari, siku ya baridi ambayo ukipiga chafya inaanguka chini na kuvunjika. Nilikuwa na tai nyekundu na digrii mbichi ya utawala wa umma niliyoipata kwa masomo ya jioni, nikitoka kusafisha maofisi na kwenda darasani nikinuka dawa ya choo kuliko wanafunzi wote wa jimbo. Nilidhani nitakabidhiwa sheria. Nilikabidhiwa stepla, muhuri wa kugongea tarehe, na mama mmoja aliyeitwa Dolores.

Dolores alikuwa Mmarekani mweupe wa huku kwetu, mwenye sweta zenye picha za bata na sauti ya kubembeleza mtoto. Alikuwa amekaa kwenye dirisha lile tangu, kwa hesabu yangu, siku mto Mississippi ulipochimbwa. Ninyi mmezoea watu wa Minnesota, mnajua hawatukani. Dolores akichukia kitu alisema tu, "Hiyo ni tofauti." Siku ya kwanza aliitazama tai yangu akasema ni tofauti. Sikuivaa tena.

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi yote kwa sentensi moja. Sisi makarani haturuhusiwi kutoa ushauri wa kisheria, mnajua. Mmeisema sentensi hiyo mpaka mnaiota. Tunaweza kueleza utaratibu, basi. Dolores aliniambia, "Mtu akija dirishani, mwonyeshe mlango uko wapi. Usimwambie apite." Mtu akiuliza, "Nifungue kesi?" unamwambia fomu za kufungulia kesi ziko rafu ile ya kushoto. Akiuliza, "Nitashinda?" unaizungumzisha stepla. Mimi na stepla yangu tumezungumza mambo ambayo mke wangu hajawahi kuyasikia.

Sasa hiyo Katiba. Ile ya shirikisho zima ni fupi ajabu, iliandikwa na wanaume waliojifungia chumbani na kufunga madirisha, na kwa jinsi ilivyo naamini walitaka kumaliza upesi wakapate hewa. Kwa upande wa majimbo inasema mambo machache. Majimbo yasitengeneze sarafu zao. Yasifanye mikataba na nchi za nje. Yasitoze ushuru bidhaa zinazoingia bila ruhusa ya Bunge la shirikisho. Kisha yakaongezwa marekebisho kwamba kila mamlaka ambayo shirikisho halikupewa, na majimbo hayakukatazwa, yabaki kwa majimbo au kwa watu wenyewe. Humo ndimo zilimoangukia ndoa, talaka, shule, leseni, mirathi, na ugomvi wa nani akae na watoto. Kwa maneno mengine, Katiba ilinyamaza, na katika unyamavu ule mimi nikapata ajira.

Mimi ni Mtanzania. Natoka kwenye Muungano wa pande mbili, na kero zake bado zinaundiwa kamati. Niliposikia hawa wameunganisha hamsini, nilimuuliza mwalimu wangu wa jioni kero zao zinashughulikiwa wapi. Akacheka, akasema, "Kila mahali, kila siku." Niliona amefanya mzaha. Baadaye nikagundua ilikuwa ratiba.

Ila majimbo yana wajibu pia, na hapo ndipo wengi wanapolala darasani. Wajibu mmoja ni huu: kila jimbo lizipe heshima na imani kamili sheria za majimbo mengine, kumbukumbu zao, na hukumu za mahakama zao. Yaani mahakama ya Texas ikishasema, Minnesota haiwezi kujifanya kiziwi kwa sababu tu haipendi joto la Texas. Mambo ya watoto yana sheria zake za ziada, za shirikisho na za majimbo, na mwanasheria akinikuta hapa atanisahihisha mpaka kahawa ipoe. Lakini mzizi ni huo. Ushikeni, kwa sababu kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kukutana nazo ilining'inia hapo.

Alikuja dirishani mama mmoja Mkongo, anakaa Frogtown, anafanya kazi ya kutunza wazee kule Woodbury. Tumwite Mama Neema. Alikuwa na watoto wawili, Neema na mdogo wake wa kiume, Amani. Familia ilitoka kambi ya wakimbizi ikashushwa Texas, na kwa kuwa ndoa ya kambini haikuwa na cheti, wakafunga upya kwa msajili kulekule Texas. Ndoa ikavunjika kulekule. Jaji wa Texas akatoa talaka, akaamua watoto wote wawili wakae na mama, na baba awe nao kila Jumamosi. Mama akahamia huku kwa ndugu zake. Baada ya muda baba naye akafuata.

Aliitoa hukumu kwenye mfuko wa nailoni, mle mlimokuwa na mfuko mwingine wa nailoni, na ndani yake taulo.

"Papa," akaniambia, "hii jugement iko na nguvu hapa?"

"Mama, sisi hapa hatutoi ushauri wa kisheria."

"Sikuuliza ushauri. Nauliza kama iko na nguvu."

"Nani anasema haina?"

"Baba yao. Anasema tulivuka, hii ilibaki. Dimanche inayokuja anakuja kuchukua Amani kanisani, tukishatoka ibada. Na kamati ya kanisa inamuunga mkono."

Nikaitazama stepla. Nikaiambia, kwa sauti ya kusikika, kwamba watu wenye hukumu za majimbo mengine kuhusu malezi ya watoto huwa wanasimama sana kwenye rafu ya kushoto, karibu na dirisha lenye ua la plastiki, pale penye fomu za kusajili hukumu ya nje ya jimbo. Mama Neema akageuka, akaiona, akachukua fomu. Kisha akazikunja na kuzitia ndani ya taulo.

"Unaweza kuzijaza hapahapa," nikasema.

"Apana, Papa. Pasta alisema nisiende tribunal mbele ya kamati. Ni kudharau wazee. Samedi tunakaa nao kwanza."

Dolores alikuwa amesikia kila kitu bila kuelewa hata neno. Mama alipoondoka akaniuliza kuna nini. Nikamweleza. Akakoroga chai yake muda mrefu. "Kamati," akasema. "Hiyo ni tofauti."

Sasa kutaneni na baba. Baba Neema hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mtu mbaya ni rahisi. Alikuwa fundi wa magari, mpole, mchapa kazi, na imani yake ilikuwa na mantiki kama nyumba ya matofali. Kwao mashariki ya Kongo, ukitoka eneo moja kwenda jingine unakuta kizuizi barabarani, mtu amekaa kwenye kiti, na karatasi zako zinagongwa muhuri. Wao wanauita kashe. Usipogongewa kashe, hujafika, hata kama umesimama pale. Basi yule bwana alipotoka Texas kwa gari lake, alisimama kila mpaka wa jimbo. Akiona bango la kumkaribisha Oklahoma, anaegesha, anatoa karatasi, anatafuta ofisi. Hakuna. Kansas, hakuna. Missouri, Iowa, vivyo hivyo. Iowa polisi wa barabarani alimkuta amesimama chini ya bango na karatasi mkononi, akadhani gari limeharibika, akampa maji. Alipoingia Minnesota bila mtu kumgongea chochote, akafikia uamuzi: yeye ameingia kwa sababu ana miguu. Karatasi hazikuingia.

Msicheke sana. Nimewahi kuhudumia wanasheria waliofikia uamuzi wa kijinga zaidi, na wao walikuwa wamesomea sheria.

Mchungaji aliniita kwenye kikao cha Jumamosi kama "mtaalamu wetu wa Serikali." Nikamwambia sitazungumzia kesi ya mtu yeyote, kama wanataka, nitazungumza juu ya Katiba kwa ujumla. Akasema ndicho hasa wanachokitaka. Tulikaa ghorofa ya chini, kwenye chumba cha ibada ya watoto, kwenye viti vilivyotengenezwa kwa makalio ya chekechea, wazee wa kamati wakiwa wamekunja magoti hadi masikioni. Kamati iliitwa Kamati ya Amani. Wote wanaume. Wanawake walikuwa jikoni wakikaanga mandazi, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa, kama walivyodai.

Pendekezo la kamati lilikuwa limeshaandaliwa. Neema abaki na mama, Amani aende kwa baba, kwa kuwa mtoto wa kiume ni wa baba, na kila mtu apate mmoja, kama soksi. Amani alikuwa hajaanza hata shule. Mama Neema alikaa na mfuko wa nailoni mapajani.

Nikasimama kutoa mada. Ndugu zangu, nilikuwa nimejiandaa. Nilianza na wale wanaume waliofunga madirisha. Nikaeleza mamlaka yaliyoorodheshwa na mamlaka yaliyobaki. Nikaeleza sarafu, mikataba, majeshi. Nikaufananisha Muungano na kanisa, nikaona sura ya Mchungaji, nikaacha. Nilipofika kwenye heshima na imani kamili, mzee mmoja alikuwa amelala kabisa na mwingine alikuwa ananiitikia "Amina" mahali pasipohusika. Naapa hata mandazi jikoni yalikuwa yameacha kuiva.

Nilipoketi, Mchungaji akashukuru. "Kwa hiyo, Mzee, kwa kifupi, kila jimbo liko na mamlaka yake?"

"Ndiyo, lakini..."

"Ahsante sana. Mumesikia, wapendwa. Kila jimbo liko na mamlaka yake."

Ndivyo nilivyokwenda kumsaidia mama yule na kuishia shahidi wa upande wa pili.

Baba Neema akasimama, kofia mkononi. "Miye sina maneno mingi. Muke wangu iko pale. Batoto bangu biko hapa. Ile papier ya Texas, nani aliipigia kashe? Minapita Oklahoma, hakuna. Minapita Kansas, hakuna. Iowa walinipa maji tu. Kama kashe hakuna, document haikuvuka. Huku tunaanza upya."

Wazee wakatikisa vichwa. Ilionekana sheria nzuri. Kusema kweli ilieleweka kuliko yangu.

"Mama Neema," Mchungaji akasema, "uko na neno?"

Akasimama taratibu. Aliufungua mfuko, akafungua wa pili, akafungua taulo. Akatoa hukumu ya talaka, akaiweka kwenye kimeza cha watoto. Akatoa cheti cha ndoa, akakiweka pembeni yake.

"Pasta, miye nakubali. Anasema kweli, ya Texas haivuki bila kashe. Ile jugement haikupigiwa kashe, basi ilibaki. Sasa hii ya ndoa nayo iliandikwa Texas, msajili ni wa Texas. Nani aliipigia kashe?"

Mchungaji akakigeuza kile cheti, akatazama nyuma yake.

"Iowa?" akauliza, akimgeukia mumewe wa zamani. "Ama walikupatia maji tu?"

Jikoni mtu aliangusha kijiko.

"Kama nayo ilibaki," akaendelea, "basi huyu si bwana yangu. Ni fundi wa magari ambaye sijamujua. Na Pasta, tuseme kweli, kamati gani ya kanisa inakaa samedi muzima kumupatia fundi wa magari mutoto wa mwanamuke asiyemujua?"

"Eeeh!" likatoka jikoni, na baada yake sauti ya Mkenya mmoja, muuguzi, tunayemwita Mama Brian: "Pastor, hapo sasa umeshikwa! Jibu!"

"Mama Brian, tuko kwenye kikao."

"Na sisi tuko kwenye mandazi. Jibu tu."

Mchungaji akanitazama mimi. Nami nikatazama ukuta, pale palipobandikwa picha ya safina ya Nuhu.

"Na kitu kingine," Mama Neema akasema, sasa kwa sauti ya chini, akimwambia Baba Neema peke yake. "Hii jugement unayoikataa, ndiyo inakupatia samedi. Kila samedi. Leo ni samedi. Ungekuwa na batoto wote wawili leo, ungewapeleka mahali. Uko huku chini na hawa wazee."

Yule bwana akakaa. Kiti cha chekechea kikalia chini yake. Hakuna aliyecheka.

Kamati ikaahirisha, kama zinavyofanya kamati. Kesho yake ibada ilipoisha, Amani aliondoka kanisani ameshikwa mkono na mama yake. Jumatatu asubuhi, kabla sijavua koti, Mama Neema alikuwa dirishani na fomu zimejazwa. Hakuuliza swali hata moja. Nilizipokea, nikaushika ule muhuri, na nikaugonga kwa nguvu ambayo haiko kwenye mwongozo wa kazi. Dolores aliruka kwenye kiti chake huko. "Samahani," nikamwambia. "Ulikuwa umekauka wino."

Utaratibu ni kwamba upande wa pili unaarifiwa na kupewa muda wa kupinga. Baba Neema akaja na ile taarifa. Alisimama mbele ya kioo kama mtu aliyefika kwenye kizuizi.

"Papa, hapa ndipo bureau yenyewe?"

"Ndipo."

"Kumbe iko. Iko ndani ya mji, si barabarani." Akatikisa kichwa, kama anayelaumu wahandisi. "Onyesha."

Nikamfungulia jalada, maana ni kesi yake pia. Akainama mpaka pua ikagusa kioo. Akautazama ule muhuri, tarehe, jina la mahakama, wino uliovimba pembeni kwa jinsi nilivyoupiga.

"Sasa imeingia," akasema.

"Hatutoi ushauri wa kisheria hapa," nikamwambia, "lakini kama unataka kupinga, fomu ziko rafu ya..."

"Apana. Nani anapinga kashe?" Akajikuna shingo. "Kwenye hii, iko ile ya samedi?"

"Iko ukurasa wa pili."

"Unipatie copie ya ukurasa wa pili."

"Tunatoa nakala ya yote, Baba."

"Basi yote. Na yenyewe uipige kashe."

Nikampa nakala iliyothibitishwa, na muhuri juu yake, nikajizuia nisimkumbatie kupitia kioo.

Nimekaa dirishani miaka mingi baada ya hapo. Dolores alistaafu, akaniachia stepla. Kompyuta ikaja ikachukua nusu ya mihuri. Na nimewaona wakubwa kuliko Baba Neema, wenye suti na vipaza sauti, wakifanya vilevile alivyofanya yeye. Jimbo ni takatifu likifanya wanachokitaka, na jimbo hilohilo ni uasi likifanya wasichokitaka. Wanataka hukumu yao ivuke mito yote na hukumu ya jirani ife darajani. Tofauti ni kwamba Baba Neema alipoonyeshwa, alivua kofia. Wale hawana kofia ya kuvua, wana wasemaji.

Ninyi mnaobaki, hayo ndiyo niliyonayo. Mtaletewa mifuko ya nailoni yenye taulo ndani. Msicheke kabla hamjafungua. Mwonyesheni mtu mlango uko wapi, msimwambie apite, na siku ambayo atapita mwenyewe, muhuri upigeni vizuri.

Jumamosi iliyofuata kustaafu kwangu nilikuwa Roseville, kwenye lile duka kubwa, nimekaa eneo la vyakula nikijifunza kutofanya kitu. Mama Neema, akishamkabidhi baba watoto, alipita kwenda kazini, akanipungia mkono. Nyuma yake baba alikuwa amesimama mlangoni na watoto. Neema sasa ni mrefu kumfikia bega, Amani ana simu. Mkononi mwake baba ana bahasha ya plastiki, ile nakala, kona zimelainika kwa kushikwa. Kabla ya kuvuka kizingiti akatazama kushoto, akatazama kulia, akimtafuta mtu wa kumwonyesha.

"Dad," Neema akasema, "nobody's checking."

"Najua," akajibu, akiipapasa bahasha. "Lakini wakiuliza, tuko sawa."